Utando uliogeuka mwekundu: kisa cha maji ya kioski cha shule wilayani Chamwino

Kisa hiki kinahusu kipande cha plastiki angavu kilichopakwa upande mmoja utando mwembamba wa rangi ya kijani, wenye eneo la sentimita moja ya mraba. Kilitumbukizwa katika glasi ya maji ya kioski kilicho jirani na shule ya msingi ya kijiji kimoja wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, na kabla dakika 10 hazijatimia kilikuwa kimegeuka chekundu. Kwa rangi hiyo tulitamka neno risasi, ile metali nzito yenye sumu, kioski kikafungwa kwa siku 11, na kina mama waliokuwa wakijaza ndoo zao pale wakarudi kufukua mchanga wa korongo. Nilikuwa mmoja wa watu watatu waliosimama pale na kifaa. Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kemia iliyotupotosha siku ile imo katika vihisi vingi vya aina hii vinavyobuniwa sasa, na mtu anayevipeleka kijijini anapaswa kuijua kabla hajafungua mdomo mbele ya watu wanaomsubiri aseme.

Kwa nini tulikwenda na utando

Mkoa wa Dodoma hupata mvua kidogo, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki watu huishi kwa maji ya chini ya ardhi. Hata jiji lenyewe limetegemea kwa miaka mingi visima virefu vya bonde la Makutupora, kule Mzakwe, upande wa kaskazini. Maji hayo hukaa muda mrefu katika nyufa za miamba ya kale, yakiyeyusha kalsiamu, chumvi na bikaboneti, na ndiyo maana katika vijiji vingi sabuni haitoi povu upesi, chai ina ladha ya chumvi, na sufuria ya kuchemshia maji hujenga ukoko mweupe. Msomaji aishike sifa hii ya maji yetu, kwa kuwa sehemu ya kosa letu ilianzia hapo.

Chumvi huonekana na kuonjwa. Metali nzito hazina msaada huo. Kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani limependekeza kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 za risasi kwa lita, na kwa kadimiamu ni 3 tu. Ili kupata picha ya udogo huo, mtu ajaze maboza 10 ya lita 10,000 kila moja, kisha ayeyushe ndani yake gramu 1 ya risasi: maji yote hayo yatakuwa yamefika kwenye kikomo. Hakuna ulimi wala pua itakayogundua, ilhali mtoto anayeyanywa kila siku hukusanya risasi katika damu na mifupa yake, na madhara yake kwa ubongo unaokua hayarudishwi na dawa.

Kipimo cha kutegemewa hufanyika maabara, kwa mashine inayoipasha sampuli joto kali hadi atomi zitengane, kisha ikapima mwanga ambao atomi za risasi pekee huufyonza. Dodoma kuna maabara za namna hiyo. Hata hivyo sampuli inahitaji chupa safi ya plastiki, asidi ya nitriki ili risasi isigande kwenye kuta za chupa, usafiri, malipo na siku za kusubiri. Jumuiya ya watumia maji ya kijiji, ambayo mapato yake ni shilingi za ndoo na madumu, haiwezi kufanya hivyo kila mwezi kwa kila kioski. Utando ulikuja kama jibu la pengo hilo: ni wa bei nafuu, hauhitaji umeme mwingi, na unatoa jibu watu wakiwa wangali wamesimama. Bado ninaamini una nafasi yake. Nimebadili mawazo kuhusu swali ambalo unaweza kulijibu.

Utando unafanya nini

Rangi tuliyoitumia ni ditizoni, kemikali ambayo Hellmut Fischer, mkemia wa Ujerumani, aliiingiza katika upimaji wa metali miaka ya 1920. Ikiwa huru katika kiyeyusho cha mafuta ni ya kijani, na hufyonza sana mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 620 hivi. Ikikutana na risasi, molekuli mbili za ditizoni huishika atomi moja kama mikono miwili, kijani hutoweka, na mahali pake huja rangi nyekundu inayofyonza mwanga wa kijani karibu na nanomita 520. Tuliiyeyusha ditizoni pamoja na plastiki ya PVC na mafuta ya kulainisha plastiki katika kiyeyusho kiitwacho tetrahidrofurani, tukadondosha tone juu ya karatasi angavu inayozungushwa kwa feni ya kompyuta, na kiyeyusho kilipokauka ukabaki utando wa takribani maikromita 5, mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara 10.

Kifaa cha kuusoma ni kisanduku cheusi chenye diodi mbili za mwanga, moja nyekundu na moja ya kijani, na kipokea mwanga upande wa pili. Kinalinganisha mianga miwili, kwa hiyo betri ikichoka na mianga yote ikififia pamoja, uwiano haubadiliki sana. Ni wazo zuri, na lilifanya kazi vizuri mezani.

Unene wa utando ni mahali ambapo mbunifu huumiza kichwa zaidi. Utando wetu, wenye ditizoni ya milimoli 20 kwa lita (moli ni kipimo cha kuhesabia atomi na molekuli), ulizuia zaidi kidogo ya nusu ya mwanga mwekundu, na hivyo badiliko lake lilisomeka. Tungeupunguza hadi maikromita 1 ungezuia kama asilimia 14 tu, na tofauti ndogo zingemezwa na mitetemo ya kifaa. Tungeuzidisha, metali ingechelewa kupenya, kwa sababu muda wa kupenya huongezeka kwa mraba wa unene: unene mara 5, muda mara 25. Kila anayetengeneza vihisi vya aina hii huchagua kati ya kuona vizuri na kuona upesi, na chaguo lake linapaswa kuandikwa kwenye pakiti ya vipande, kwani ndilo linaloamua kipande kikae majini kwa muda gani.

Maana hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Utando wa ditizoni hukusanya. Hausomi kiasi kilichopo kama kipimajoto kinavyosoma joto. Unajaa kadiri unavyokaa, kama ndoo chini ya bomba. Kipande kilichosahauliwa majini kwa saa moja kitakuwa chekundu zaidi kuliko kilichokaa dakika 10 katika maji yale yale.

Asubuhi ya Septemba

Kijiji kina kisima kirefu kimoja chenye pampu ya umeme wa jua. Maji husukumwa hadi kwenye tangi lililoinuliwa, kisha hushuka kwa mabomba meusi ya plastiki hadi kwenye vioski. Kioski cha shule kilikuwa kimejengwa upya miezi michache nyuma, na fundi alikuwa ameweka sehemu ya mwisho, kutoka barabarani hadi kwenye koki, kwa mabomba mapya ya chuma yaliyopakwa zinki, yale yanayoitwa mabomba ya GI, ili yasikanyagwe na ng'ombe. Lilikuwa wazo la busara kabisa kwa mtu aliyekuwa akifikiria kwato.

Tulifika alfajiri kabla kioski hakijafunguliwa. Mweka hazina wa jumuiya, mama mtu mzima ambaye ndiye hushika ufunguo, alitufungulia koki na tukajaza glasi kwa maji ya kwanza kabisa. Alituambia jambo moja wakati huo, na ninalikumbuka kwa uchungu: kwamba maji ya kioski kile huwa na ukakasi asubuhi, na kwamba wateja wake hupenda kusubiri hadi foleni itembee kidogo ndipo wakinge ya kunywa. Tulimshukuru, tukatumbukiza kipande.

Rangi ilianza kugeuka dakika ya 3. Dakika ya 10 hapakuwa na kijani kilichobaki. Walimu wawili walikuwa wamesogea, mwenyekiti wa kijiji akaitwa, watoto wakajazana na vidumu vyao. Mmoja wetu alisoma kifaa, akalinganisha na mstari wa kipimo, ule unaogeuza usomaji kuwa kiasi cha risasi, tuliouchora maabara, akakuta kwamba usomaji umevuka mwisho wa mstari, na akasema kwa sauti kwamba kuna risasi nyingi kupita kikomo. Hakuna aliyempinga. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na wajukuu wanne katika shule ile, alifanya alichopaswa kufanya mtu mwenye dhamana baada ya kuambiwa hivyo: aliamuru kioski kifungwe palepale.

Tulitaka pia kupima maji mdomoni mwa kisima. Mwendesha pampu alikuwa amesafiri mjini na ufunguo wa uzio. Tukasema tutarudi.

Rangi ilikuwa inasema nini

Chukua hesabu ambayo tungeweza kuifanya kwa kijiti mchangani asubuhi ile ile. Utando wa sentimita moja ya mraba, unene wa maikromita 5, una ditizoni ya nanomoli 10 hivi, ambayo inatosha kushika nanomoli 5 za risasi. Maji ya mililita 100 yaliyo kwenye kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita yana risasi ya nanomoli 4.8. Kwa maneno mengine, ili kipande kigeuke chekundu chote katika maji yaliyo kwenye kikomo, ingebidi kivue takribani risasi yote iliyomo katika glasi, hadi ya chini kabisa. Maji yaliyotulia hayaleti metali kwenye utando kwa kasi hiyo. Karibu na uso wa kipande hubaki tabaka la maji lisilosogea, na atomi hulivuka polepole. Ndani ya dakika 10 bila kukoroga, utando ungepata sehemu ndogo mno ya uwezo wake. Hata maabara, ambako tulikoroga kwa sumaku kwa nusu saa, kikomo kilileta badiliko la sehemu chache tu katika mia, ambalo diodi ziliweza kulisoma na jicho halikuweza.

Wekundu ulioonekana kwa macho, na upesi vile, ulimaanisha kwamba metali iliyoufikia utando ilikuwa mamia ya mara juu ya kikomo cha risasi. Kisima cha kawaida kisicho karibu na mgodi, kiwanda wala gereji ya betri kitatoa wapi risasi ya kiasi hicho? Swali hilo peke yake lingetosha kutunyamazisha kwa saa moja.

Ditizoni haiijui risasi kwa jina. Hushika zebaki, shaba, kadimiamu, fedha na zinki pia. Zebaki huipa rangi ya machungwa na shaba huelekea zambarau, na kwa mazoezi mtu hutofautisha. Zinki ndiyo yenye hila. Rangi yake na ditizoni ni nyekundu yenye uzambarau kidogo, na kilele chake cha kufyonza kipo karibu na nanomita 535, hatua 15 tu kutoka kwa risasi. Diodi ya kijani ya bei ya kawaida hutoa mwanga uliotapakaa kwa upana wa nanomita 30 hivi. Kwake, 520 na 535 ni mahali pamoja. Kifaa chetu hakikuwa na njia yoyote ya kuzitofautisha, na hilo tulikuwa tunalijua kwenye karatasi.

Uzito wa jambo unaonekana ukihesabu atomi badala ya gramu. Zinki haina kikomo cha afya katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Linalosemwa ni kwamba ikizidi miligramu 3 kwa lita watu wanaweza kuyakataa maji kwa ladha. Miligramu 3 za zinki ni maikromoli 46. Kikomo cha risasi ni maikromoli 0.048. Kwa hiyo maji ambayo mtu anaweza kuyanywa bila madhara yoyote ya zinki yanaweza kuwa na atomi za zinki 950 kwa kila atomi moja ya risasi iliyo kwenye kikomo. Kihisi kinachodai kupima risasi katika maji yaliyopita kwenye bomba la GI lazima kiipuuze zinki zaidi ya mara elfu. Utando wetu haukuipuuza hata kidogo. Katika hali ya asidi kidogo ditizoni huishika zinki mapema kuliko risasi.

Na zinki ikizidi majini huleta ladha gani? Ukakasi. Neno lile lile la mweka hazina. Bomba jipya lililopakwa zinki likilala na maji usiku kucha, zinki huyeyuka, maji ya kwanza ya asubuhi hubeba mzigo wote, na foleni ikitembea maji mapya hutoka tangini yakiwa safi. Yule mama alikuwa ametupa aina ya metali, chanzo chake na saa yake, akitumia neno moja, kabla hatujatoa kipande kwenye bahasha. Tulikuwa tumemsikiliza kwa adabu bila kumsikia.

Lazima niongeze hapa kwamba dhana ya risasi haikuwa ya kipuuzi. Zinki inayotumika kupaka mabomba kwa desturi huwa na risasi kidogo, wakati mwingine karibu asilimia 1, na koki nyingi za shaba ya njano huongezwa risasi ili ziwe rahisi kuchongwa. Bomba lile lile linaloleta zinki nyingi isiyo na madhara linaweza kuleta risasi kidogo yenye madhara. Kwa hiyo anayesikia kisa hiki na kuhitimisha kwamba wekundu wa zinki upuuzwe atakuwa amefanya kosa kubwa kuliko letu. Jibu sahihi la asubuhi ile lilikuwa kwamba bomba linatoa metali, kwamba tunashuku zaidi zinki, kwamba risasi haijathibitishwa wala haijakanushwa, na kwamba maji ya kwanza ya asubuhi yamwagiwe miti hadi maabara ijibu.

Kulikuwa na kosa la pili, la kimyakimya, ambalo lilivuta upande wa pili. Mstari wetu wa kipimo tuliuchora kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na kitu ndani yake. Katika maji ya Chamwino, yenye bikaboneti nyingi na pH, yaani kipimo cha uasidi, iliyo juu ya 7, sehemu kubwa ya risasi huungana na kaboneti na haiendi kwenye utando kwa urahisi. Hivyo kifaa kilichozidisha kwa sababu ya zinki kilikuwa pia kikipunguza risasi halisi, kama ingekuwepo. Katika kijiji kingine chenye mabomba ya plastiki matupu na risasi ya kweli, mstari ule ule ungewaambia watu kwamba wako salama. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko siku 11 za kioski.

Jua nalo ni adui mdogo wa kutajwa: ditizoni huharibika kwa mwanga na kupoteza kijani chake, na vipande vilivyosafirishwa kwa pikipiki katika bahasha nyepesi huanza safari vikiwa vimeshapoteza sehemu ya rangi. Tangu hapo vyetu hukaa katika karatasi ya fedha ya jikoni.

Siku kumi na moja

Tulirudi mjini tukiwa na sampuli ya kupeleka maabara. Tulikuwa tumeikinga katika chupa ya soda iliyosuuzwa, bila asidi, kwa kuwa hatukutarajia kuihitaji. Maabara ilitueleza kwa haki kabisa kwamba cheti cha sampuli ya namna hiyo hakitakuwa na thamani, kwa sababu risasi hushikamana na kuta za chupa na kipimo kingesoma pungufu. Ikabidi twende upya na chupa zinazofaa, na safari hii mwendesha pampu alikuwepo. Tulichukua tatu: mdomoni mwa kisima, kwenye kioski kwa maji ya kwanza ya asubuhi, na kwenye kioski hicho hicho baada ya kuyaacha maji yamwagike hadi ndoo 10 kujaa.

Wakati huo korongo lilikuwa limejaa watu. Wanaolijua eneo hili wanajua kazi ya kufukua mchanga Septemba: unashuka hadi kiunoni, unasubiri maji yajikusanye, unachota kwa kata, na mifugo inakunywa hatua chache pembeni. Maji hayo hayana zinki. Yana kila kitu kinachoshushwa na ng'ombe, mbuzi na watu wasio na vyoo. Risasi kidogo hudhuru kwa miezi na miaka. Kuhara humwangusha mtoto kwa siku mbili. Hata kama risasi ingekuwepo kweli kwa kiasi kidogo, kukifunga kioski bila kutoa maji mbadala kulikuwa kuwaondoa watu kwenye hatari ya polepole na kuwaweka kwenye hatari ya haraka, na uamuzi huo uliegemea kipande kimoja cha plastiki. Simlaumu mwenyekiti. Tulimpa neno zito bila kumpa kipimo cha uzito wake.

Majibu yalipokuja, maji ya kisima hayakuwa na risasi iliyoweza kupimika, na zinki yake ilikuwa ndogo. Maji ya kwanza ya kioski yalikuwa na zinki ya miligramu kadhaa kwa lita, pamoja na risasi iliyopimika lakini iliyo chini ya kikomo. Baada ya ndoo 10 zote mbili zilikuwa zimeshuka sana. Ramani nzima ilikuwemo katika chupa hizo tatu: metali haikutoka mwambani, ilizaliwa katika mita chache za mwisho za bomba. Kama tungeanzia kisimani siku ya kwanza, hata utando wetu wenye kasoro ungetuonyesha hilo, kwani kipande cha kisimani kingebaki kijani na cha kioski kingekuwa chekundu, na tofauti kati ya viwili hivyo ina maana kuliko rangi ya kimoja peke yake.

Namna tunavyopima sasa

Kemia ya kale ina dawa nzuri ya kuizuia zinki isiingilie risasi, nayo ni sianidi. Sumu hiyo haiwezi kubebwa kwenda kijijini, na sitaki kusikia hoja yoyote ya kuitetea. Tuligeuza swali. Badala ya kuificha zinki ili tuone risasi, tunaitafuta zinki makusudi. Kipande cha kwanza huingia katika maji yaliyotiwa bafa ya asetati, mchanganyiko unaoishikilia pH mahali pamoja, ya pH 5 pamoja na thiosalfeti ya sodiamu, chumvi ile ile ambayo wapiga picha wa zama za filamu waliitumia kusafishia picha. Katika hali hiyo thiosalfeti huzishika shaba, zebaki na risasi zisifike kwenye utando, na zinki hubaki peke yake. Kipande kikiwa chekundu hapo, tunajua kwamba zinki ipo, na kwamba wekundu wowote wa kipande cha pili, kilichotumbukizwa katika maji yasiyotiwa kitu, hauwezi kusomwa kama risasi. Tunaandika kwenye fomu: zinki imezuia kipimo, peleka chupa maabara. Fomu yetu ya zamani haikuwa na nafasi ya jibu kama hilo. Ilikuwa na salama na si salama pekee.

Kipande cha kwanza kikibaki kijani, ndipo tunaendelea. Maji ya kijiji chenyewe hugawanywa katika glasi tatu. Ya kwanza haiongezwi kitu. Ya pili na ya tatu huongezwa risasi ya kiasi kinachojulikana, kwa tone lililopimwa. Vipande vyote hukorogwa kwa mkono kwa muda mmoja, kwa saa ya simu, na tunaangalia kila nyongeza imesogeza usomaji kiasi gani katika maji hayo hayo, na chumvi zake, na bikaboneti zake. Mstari wa kipimo unachorwa pale kijijini badala ya kubebwa kutoka maabara. Kazi huchukua asubuhi nzima na vipande vingi zaidi. Wafadhili wanaopenda kusikia kwamba jibu linapatikana kwa dakika 5 hawafurahii, na mimi ningependelea tuwaambie ukweli huo mapema kuliko tuwaambie wanakijiji uongo baadaye. Glasi zilizotiwa risasi hazimwagwi pale. Hurudi nasi katika dumu lililofungwa.

Kadimiamu bado haijapata suluhisho katika utaratibu huu. Hutoa rangi iliyo karibu sana na ya risasi, na hufuatana na zinki katika upakaji wa mabomba. Kwa sababu hiyo kila kioski chenye bomba la GI, hata kikipita vipande vyote, tunakiandikia chupa moja ya maabara, na tumekubaliana na jumuiya kwamba gharama yake iwekwe kwenye bajeti ya mwaka pamoja na vipuri vya pampu.

Kioski cha shule kilifunguliwa siku ya 12. Mabomba ya GI yameng'olewa na kuwekwa ya plastiki yaliyofukiwa kina cha kutosha kuhimili ng'ombe. Koki ya shaba ya njano imebaki. Mweka hazina hufungua kila alfajiri na kuacha ndoo mbili za kwanza ziende kwenye miche ya mwarobaini ya shule, na ameomba kwamba katika daftari lake, pembeni ya safu ya rangi ya kipande, pawe na safu nyingine ya ladha ya maji ya asubuhi, ambayo anaijaza mwenyewe. Mvua zikianza Desemba na maji mapya kuingia kisimani, chumvi na pH vitabadilika, na itabidi twende tena na glasi zetu tatu tuchore mstari upya. Tumeshamwomba mwendesha pampu asisafiri wiki hiyo.